Kamera Isiyo na Kioo

Kaka yangu Uxío amekuja na kamera isiyo na kioo.
Ameipakata tangu kituo cha basi cha Carballo
kama mtoto aliyeshuka homa jana.
Lenzi nene kama chupa ya maziwa,
kitambaa cha kuifutia kina mfuko wake peke yake.
Bei hakuitaja. Aliitaja mkewe,
akiosha vyombo, ametupa mgongo.

Yangu hukaa kifuani, ndani ya vazi la mpira,
kati ya titi na kisu.
Ndogo kama pakiti ya sigara, rangi ya chungwa iliyochujuka,
pembe moja imemegwa na mwamba.
Nilimpa Amaro kilo mbili za persebe, akanipa hiyo,
na hadi leo naamini alinipunja.

Mezani akatufundisha.
Kihisi chako, Sabela, ni ukucha wa kidole cha mwisho;
changu ni stempu nzima ya barua.
Mwanga ni mvua, akasema:
wewe unakinga kwa kizibo, mimi kwa beseni.
Nikamjibu, beseni haliingii mfukoni.
Mkewe akacheka hadi akakohoa.
Yangu, akaendelea, hufuata jicho la ndege angani.
Sawa. Mimi nafuata persebe.

Alfajiri ya bamvua, maji yakakupwa
hadi mbavu za mwamba zikatoka nje.
Tareixa kashika kamba, mimi nikashuka.
Persebe, vile vidole vya bahari vyenye kucha,
huota pale tu wimbi linapopiga;
penye utulivu hawana ladha.
Uxío juu ya genge na miguu yake mitatu ya chuma.
Huku chini nikabonyeza changu bila kutazama,
dole gumba nusu mbele ya lenzi, kama kawaida.
Corme nzima huhesabu mawimbi.
Siku ile nilikosea hesabu.

Jioni akafungua kompyuta.
Wimbi limesimama kama ng'ombe aliyegoma,
kila tone na kivuli chake.
Akakuza. Akakuza tena. Haikuvunjika.
Na katikati ya povu, uso wangu.
Miaka kumi na tisa nawaambia watu
kwamba nikiwa chini huitukana bahari.
Midomo ile haitukani.
Midomo ile inamwita mama.
Macho hayana pazia. Kamera inalo,
na lilifunguka pale pale nisipotaka kuonekana.
Isiyo na kioo, wanaiita.
Ndani yake nikajiona.

Nikamwambia aifute.
Hakufuta, hakubisha. Akasema tu, hii siiuzi.
Nikaona mkwaruzo mpya ubavuni mwa ile lenzi.
Kokoto, akasema, akafunika.

Usiku sikulala. Nikatoa kadi yangu, ina chumvi pembeni.
Picha tatu.
Ya kwanza, dole gumba.
Ya pili, maji, kijani kizito,
kama umechungulia chupa kwa ndani.
Ya tatu sikuipiga mimi; wimbi ndilo lililobonyeza.
Imelala ubavu, genge limekuwa ukuta wa kushoto,
na juu ya ukuta kuna doa, saizi ya chawa.
Nikakuza. Likavunjika papo hapo:
miraba, kijivu, na buluu ya koti lake.
Mraba wa mkono. Mraba wa mkono wa pili.
Mbele ya uso hakuna mraba mweusi.
Ile ya bei ya gari iko chini majanini,
miguu yake mitatu imeelekea mawinguni,
na kaka yangu, ambaye hajui kuogelea,
mguu mmoja uko hewani, anashuka.

Asubuhi sikumwonyesha.
Nilimwomba tu kile kitambaa chake laini,
nikaifuta lenzi yangu
kwa mara ya kwanza tangu kwa Amaro.